Maji Meusi ya Kabiru

Manze Nalianya, siamini. Mum ameacha chemo. Ameacha!

Kuna jamaa wa Kawangware anaitwa Kabiru, amekuwa akimuuzia maji meusi, eti yako na vipande vidogo sana vya kaboni vinavyoua seli za kansa.

Nimeenda kwake. Akanionyesha video, na ni ukweli seli zinakufa. Nikamwambia, "Hizo ziko kwa kisahani cha maabara, si kwa mwili wa mtu!"

"Kwani seli si ni seli?" Akacheka. Nalianya, alicheka!

Nimerudi kwa Mum, Kisumu Ndogo, nikamwaga hayo maji yote. Mum hata hakunizuia. Akasema tu, "Daktari huniambia tungoje tuone. Kabiru aliniambia nitapona."

Sasa amegeukia ukuta.