Mikulo Mitatu ya Mpungi

Jumatatu, 3 Machi
Bomba halitoi maji tangu juzi. Nimechota kijitoni, nimechemsha chai, nimekaa kuandika barua ya nne kwa gazeti. Kamati ya ujenzi ya kijiji inataka mikulo mitatu, miti mikongwe ya mpungi, msitu wa matambiko wa ukoo wetu, ipasuliwe mbao za bweni la wasichana. Bweni lilelile nililolipigania mimi. Zamani barua kama hii ingeninyima usingizi. Leo naandika kama mtu anayepalilia.

Jumatano, 5 Machi
Mvua kutwa. Nimesoma tena kijitabu changu cha historia ya mpungi. Babu wa babu yangu alijenga kibanda kati ya mikulo ile: nguzo nne, hakuna kuta, paa la nyasi. Babu akaja akaweka bati. Wazee walikaa humo kusema na mababu, ambao mafuvu yao yalihifadhiwa kwenye vyungu, kati ya mizizi. Wanawake hatuingii. Tunaishia kwenye mstari wa masale, mimea ya mpaka.
Kurasa arobaini juu ya mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Hilo sikuliandika.

Ijumaa, 7 Machi
Mkutano. Naftali, mwenyekiti wa kamati, mtoto wa binamu yangu, aliniamkia vizuri: "Shikamoo, shangazi." Kisha akatoa kijitabu changu mfukoni. Akasoma ukurasa wa tisa kwa sauti. Babu alipobatizwa, vyungu vyote vilitolewa vikazikwa makaburini. Mpungi ukabaki mtupu.
Niliandika vile kuwachapa wamisionari waliotufundisha kuona haya kwa vitu vyetu.
"Sasa shangazi, mtupu si mtupu, tutaharibu nini? Au ulitudanganya?"
Watu walicheka. Mama mmoja nyuma akasema wasichana wanalala chini, mimi nalilia magogo.
Nikamgeukia kaka yangu Eliamini, mlinzi wa mpungi. Alikuwa anatazama kofia yake. Nilimwita mwoga mbele ya kijiji kizima. Mikono ikanyooshwa: mikulo ikatwe. Basi.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Eliamini ni mzee wa kanisa. Ningekaa naye benchi moja. Ugali umeungua. Nimekula hivyohivyo.

Jumanne, 11 Machi
Wameanza saa mbili asubuhi. Msumeno wa injini. Mkulo wa kwanza ulianguka kabla ya chai ya saa nne, wa pili mchana, wa tatu alasiri. Nilisimama kwenye masale. Harufu ya mkulo ilifika hadi jikoni kwangu, ile harufu kali ya dawa. Nilisubiri kulia. Nikaenda kuanua nguo.

Alhamisi, 13 Machi
Barua ya nne nimeitumia kuwashia moto. Ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 14 Machi
Nimechuma jani la sale, nimelifunga fundo, nimempelekea Eliamini. Jani hilo la kuomba msamaha halikataliwi. Alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango, akaendelea kupukuchua mahindi. Nikapukuchua naye. Debe zima.
Kisha akasema si vyungu vyote vilivyotoka. Babu aliacha kimoja. Akamwambia baba, baba akamwambia yeye. Kipo chini ya sakafu ya kibanda.
Niliuliza kwa nini hakuniambia nilipokuwa naandika.
"Hukuniuliza, mdogo wangu. Ulikuja kunieleza."
Na kwenye mkutano je? Pale pana wanawake, alisema, pana wachungaji, pana Naftali. Aseme nini?
Nakumbuka siku ile niliyokwenda kwake na daftari. Ni kweli. Niliongea mimi hadi giza likaingia.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya ibada Eliamini alipita. Tukapanda pamoja. Kwenye masale nilisimama, kwa mazoea. Akasema twende tu, wapasua mbao wamekanyaga wote, hata mbuzi wa Naftali wameingia.
Kibanda ni kidogo kuliko nilivyokiandika. Jua linapiga bati moja kwa moja. Visiki vitatu, vyeupe bado. Tulikaa. Alinionyesha kwa kidole cha mguu: hapo.
Naftali ameniomba niandae toleo jipya la kijitabu, liuzwe siku ya kufungua bweni. Nikisahihisha ukurasa wa tisa, kesho yake watakuja na majembe kukifukua chungu.
Sitausahihisha. Nimerudi, nimelala kidogo, nimeamka. Bomba limetoa maji.