Maji ya Mashua Yasiguswe

Baba Raudha,

Chai iko kwenye chupa, mihogo nimeifunika. Maji yaliyomo kwenye mashua yako hapo uani mtu asiyaguse. Raudha asifulie humo.

Asubuhi nilipoyakuta nilidhani umechanganyikiwa, nikamwagilia mchicha yote. Ungeniambia jana kwamba mbao zilizokauka toka msimu uliopita hulowekwa zivimbe ndipo zisivuje, nisingekusema mbele ya watoto. Na wewe ukanuna, hata chai hukunywa.

Nimeijaza tena, ndoo kwa ndoo. Mgongo wote unauma.

Kesho kigari cha kirikuu kikija, yamwageni maji kwanza ndipo muipakie. Kuishusha bwawani Kisarawe ~~mtaenda wenyewe~~ twende wote. Mimi nitakaa mbele, na ndoo yangu naibeba, isije ikavuja.

Mama Raudha