Makuti Mabichi kwa Ajili ya Beja

Bongwe, karibu na Ukunda
Jumapili jioni

Dada yangu Umazi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na wote wa hapo Taru, na najua umeitika marahaba huku ukitafuta miwani ya mama ili unisome vizuri. Mu hali gani? Goti la mama limepoa, au bado anajikokota nalo hadi sokoni kwa ubishi wake? Mvua imewafikia? Huku ilinyesha kidogo tu, ikalowesha nguo nilizoanika, ikaenda zake. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Simu ya hapo nyumbani nikipiga mnaiweka sauti ya nje, anasikia mama, anasikia jirani aliyekuja kuomba chumvi, na hata kuku wanasikia. Nina maneno ya kukwambia wewe peke yako. Mzee Mwero atakuletea karatasi hii akishamaliza kuuza mbuzi wake hapa Ukunda. Nimeifunga kwa gundi pande zote, maana na yeye namjua.

Unakumbuka tulivyopanga, kwamba mwanangu Beja aje akae nami likizo hii ya Desemba. Kazi yangu ya usafi katika nyumba ya wageni kule Diani haina ruhusa wakati wa Krismasi. Watu wengine wanapofunga safari za kwao, ndipo wageni wanapojaa huku, na msimamizi wetu hataki kusikia habari za mgonjwa wala za msiba. Ruhusa tunapewa masika, vyumba vikiwa vitupu, na masika Beja yuko shuleni. Ndiyo maana tangu nikuachie akiwa ndiyo kwanza anasimama dede, nimekuwa nikimwona siku chache chache tu, tena akiwa na yunifomu na haraka.

Basi nikasema safari hii aje yeye, na akija akute chumba kimependeza. Chumba chenyewe ni kimoja, ukuta mmoja umepigwa lipu na mitatu haijapigwa. Lakini mimi mambo ya mapambo nayajua sasa. Kila Desemba watoto wa wageni hukalishwa barazani wakapewa karatasi za rangi, utepe na gundi inayometameta, wakatengeneza nyota na minyororo ya kutundika, na mimi ndiye nifagiaye wakishachoka. Nimesoma kwa ufagio, dada.

Nikawaita watoto wa jirani yangu Bi Mwanaisha, yule muuza mahamri niliyekusimulia. Wako watatu: Nuru aliye mkubwa wao, Bakari, na kitindamimba wao Zuhura. Nilimwendea mama yao kwanza, maana wao ni Waislamu na mimi napamba Krismasi, nisije nikamkosea mtu. Akaniambia, "Kwani karatasi ina dini, Mbeyu? Mradi hawanichafulii mkeka wangu, wachukue, na ukitaka walale huko huko."

Vitu vya dukani hatukununua. Mifuko ya unga wa ngano ya Bi Mwanaisha tuliikata vipande virefu, tukavipaka rangi, tukavipindapinda vikawa mnyororo. Manjano ya pilau yalitupa rangi, maua mekundu ya uani yakatupa nyingine, na masizi ya sufuria yapo siku zote. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo. Bakari aliilamba mpaka ikabidi nipike nyingine. Vifuu vya nazi tulivisugua kwa mchanga tukavipaka chokaa. Vifuniko vya soda tulivigonga kwa jiwe vikawa bapa, tukavitoboa kwa msumari, tukavitunga kwenye uzi wa nailoni, na upepo ukipita vinalia. Kwa fundi cherehani wa hapo njiani nilipata gunia zima la vitambaa alivyokuwa atupe. Nyota ya juu ya mlango ni chelewa za ufagio, nikazifunga kwa nyuzi za mkonge. Ungeona, dada, ungesema si mimi. Zuhura alikaa mapajani mwangu muda wote akishika kifuu kimoja kama yai, na nikinyanyuka analia.

Siku moja tukipaka rangi Nuru akaniuliza, "Mama Beja, Beja anapenda rangi gani, tuipake mingi?"

Nikasema nyekundu. Nilisema tu. Sijui mwanangu anapenda rangi gani. Sijui kama analala na taa au gizani, wala sijui anaogopa nini. Nilijua kila kitu cha maziwa na nepi, kisha nikaondoka, na hayo mengine unayajua wewe. Tukapaka nyekundu kila mahali.

Na kuna neno jingine sijakwambia. Mwezi uliopita nilipopiga simu, Beja ndiye aliyepokea. Nilimsikia akikimbia nayo uani akiita, "Mama, mama mdogo anapiga!" Mama ni wewe, na mama mdogo ni mimi. Sikukasirika. Kwetu dada ya mama ni mama, nasi tulilelewa hivyo hivyo, na mtoto hakukosea kitu. Tukaongea habari za goti na bei ya mahindi, na nikacheka pale pa kucheka. Nilipokata simu niliketi juu ya ndoo nikalia mpaka maji ya kuoga niliyokuwa nimechemsha yakapoa.

Siku ya Beja kuletwa na Mzee Mwero nikaona niongeze kitu cha nje. Mkwezi alikuwa akiangua nazi shamba la pili, nikamwomba makuti mabichi, akaniangushia bure. Nikayachana katikati, nikayasimamisha pande mbili za njia, nikayapinda yakakutana juu. Watoto wakafunga vitambaa. Yalipendeza kweli, na mimi nikaingia kuoga.

Kumbe kwa watu wa huku makuti yaliyochanwa yakisimamishwa njiani ni tangazo kwamba nyumba hiyo ina arusi. Kwetu Taru nani ana mnazi wa kuchezea, hata nijue? Nilipotoka nikiwa na dera langu lililopauka, nikakuta akina mama uani wamejifunga leso mpya, mmoja mnene amebeba mchele kichwani, wengine wanashusha viti vya plastiki.

"Arusi ya nani, na mbona hatukualikwa?" akauliza yule mnene.

"Si arusi. Ni mwanangu anakuja."

"Anaoa?"

"Ana miaka mitano, mama."

Bi Mwanaisha alicheka hadi akashika ukuta. Nikaomba radhi, nikataka kuyang'oa makuti, yule mama mnene akanikataza. Akasema mchele umeshafika haurudi, na mtoto anayepambiwa hivi lazima wamwone. Wakatandika mikeka, mmoja akawasha moto, na wakaniambia nikae kama mama wa bwana arusi anavyokaa. Nikakaa. Dada, sijakwambia siku zote jinsi nilivyo peke yangu huku, maana ningekwambia ungenifanyia nini? Kazini nasalimiwa kwa kazi, nyumbani nalala na redio. Siku ile nilizungukwa na watu waliojitanda leso kwa ajili ya mwanangu, na nikawa naona haya kwa kufurahi kupita kiasi.

Tuktuk ilipokata kona vigelegele vikaanza. Nilisimama. Akateremka Mzee Mwero na mfuko wa kunde, na kuku kwapani. Vigelegele vikaendelea kidogo, maana wa nyuma hawakuwa wameona. Zuhura akachungulia ndani ya tuktuk, akazunguka upande wa pili akachungulia tena, akasema, "Hamna mtoto."

Mzee Mwero akavua kofia. Akaniambia, "Alilia stendi, Mbeyu. Alimshika mamake leso hata tukashindwa kumbandua. Basi lilikuwa linapiga honi. Nikamwambia mamake, mwache, huyu hatakwenda leo."

Yule mama mnene akauliza, hakuwa na ubaya wowote, "Mamake? Mamake si huyu?"

Mzee Mwero akamtazama kuku wake. Mimi nikasema karibuni chai. Wakanywa, wakala ule wali, wakanishika mkono mmoja mmoja wakati wa kuondoka kama wanavyoshika mkono msibani, na yule mnene akaniachia mchele uliobaki. Bi Mwanaisha akabaki akaosha vyombo vyote asiseme kitu, na kwa anavyopenda maneno, huo ulikuwa msaada mkubwa.

Makuti yamekauka, nimeyatoa. Mapambo ya ndani bado yapo. Nikirudi kazini jioni upepo unavigonga vile vifuniko vya soda, nami kabla sijafungua mlango naona kama kuna mtu ndani. Nuru ananiuliza kila siku kama tuyashushe, nami namwambia bado. Yeye haniulizi sababu, ni mtoto mwenye adabu.

Sasa nikwambie ukweli, maana wewe si wa kuambiwa nusu. Nilikukasirikia. Nilisema moyoni kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kunikataa, kwamba mtoto hajui kukataa mpaka afundishwe. Nilikutukana kwa sauti nikifua mashuka ya wageni, uniwie radhi. Kisha nikafikiria jinsi alivyoshika leso yako. Mtoto hashiki hivyo nguo ya mtu anayempiga au anayemnyima. Nimeona watoto wa wageni wakiachwa kwa walezi na hata hawageuki. Wangu aligeuka, akashika. Kwa hilo nakushukuru, na wivu ninao vile vile, sitakudanganya.

Mama msalimie sana, umwambie kunde nimezipika na kuku nampa makombo, sijamchinja. Mjomba wetu Ndoro, anayekuchungia mbuzi, mwambie dawa ya macho nimeipata, ipo kwa Mzee Mwero ndani ya kikopo cheupe. Shangazi wa kanisani naye umsalimie, na ukipata nafasi umwombe aniombee bila kutaja jina langu mbele ya kwaya nzima. Mama msomee salamu hizi tu, mengine yote ni yako.

Usimpakie Beja kwenye basi kwa nguvu. Usimdanganye kwamba anakwenda kununuliwa peremende. Nilikuwa nimekusudia kukuomba hivyo hivyo, nimeandika na kufuta.

Njoo naye. Njooni wote wawili, hata kwa siku chache, mbuzi mjomba atawaangalia na mama atakaa kwa shangazi. Najua ulisema hutaki kunibana kwenye chumba kimoja. Nibane. Wewe ulale na Beja kitandani kama alivyozoea, mimi nitalala mkekani karibu na mlango. Nitakwenda kazini asubuhi na nitarudi jioni, na yeye aniangalie tu akiwa nyuma yako, sina haraka. Akitaka maji usiku akuite wewe. Akikuita mama mbele yangu, usione haya, wala usimrekebishe, wala usinitazame mimi kwanza. Itika.

Mdogo wako anayewangoja,
Mbeyu