Kamera Isiyopiga Radi

Navakholo,
Kakamega.

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo juu yake, maana najua moja haikutoshi. Hujambo wewe na mgongo wako? Na lile jicho, bado linatoa machozi ukitoka juani? Nijibu ukweli, usinijibu kama unavyomjibu daktari. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Mvua ya huku inanyesha kila alasiri kama imeajiriwa, barabara ni tope tupu, mahindi yamefika kifuani, na mwanao amenenepa kwa obusuma, huu ugali wao mgumu ambao ukikosea kuukata unakurudishia kijiko.

Sasa vua miwani uifute, uvae tena, usome polepole. Nimenunua kamera.

Si simu yenye kamera, Mama. Ni kamera yenyewe, ile ambayo unaitoa lenzi na kuweka nyingine. Ninavyoandika iko hapa mezani, na kila baada ya mistari miwili naishika nione kama ipo kweli. Na nimekuandikia barua badala ya kukupigia kwa sababu kuna kitu nimekitia ndani ya bahasha hii, nacho ni cha kushikwa mkononi. Najua umeshakipapasa. Kiache kwanza, usome.

Unakumbuka Baba alipofariki, tulivyopekua sanduku lote tukitafuta picha yake, tukapata ile ya kitambulisho peke yake? Ikakuzwa, ikatiwa fremu. Baba aliyekuwa akicheka mpaka kofia inamwanguka, leo yuko ukutani amekunja uso kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Kaka Bakari alisema afadhali tumgeuze aangalie ukuta, ukamkemea, lakini nilikuona nawe ukiikwepa ile picha ukipita. Halafu ikaja Idi ile, jicho lako lina majuma machache tu tangu litolewe mtoto wa jicho, na yule mpiga picha akakupiga flashi usoni bila hata kukuuliza. Ukaziba uso kwa kanga. Ukasema wewe na picha basi, mpaka ipatikane kamera isiyopiga radi.

Wote walicheka. Mimi sikucheka, Mama, na leo nakwambia sababu. Naogopa. Naogopa siku moja tutaketi tena sakafuni kupekua lile sanduku, na safari hii tunakutafuta wewe. Tangu siku ile nikaanza kudunduliza, kidogo kidogo, bila kumwambia mtu ila Kaka Bakari, naye akaiita anasa.

Basi juzi Jumamosi nikaenda Kakamega mjini, kwa bwana mmoja anaitwa Makokha. Huyu anapiga picha za harusi na matanga, na dukani kwake huuza kamera mpya na za mtumba. Nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka ile mpya, iliyo ndani ya boksi, inayonukia plastiki, na lenzi yake moja inayokuja nayo. Pesa yangu ilitosha hiyo tu, bila hata mkoba wa kuibebea. Makokha naye akanisukuma huko huko. Akaniambia, "Sista, chukua hii. Hapa watu hawaangalianga picha, wanaangalianga kamera. Ukienda nayo kwa harusi watakuheshimunga."

Karibu nitoe pesa. Nikakukumbuka. Nikamwomba akae kwenye kona ya nyuma ya duka, penye giza kama jikoni kwetu, nimpige bila flashi. Picha ikatoka nyeusi na imetikisika, Makokha ana mapua mawili. Hakunidanganya, Mungu ambariki. Alinieleza kwamba lenzi zile za kuja na boksi zina tundu dogo la kupitisha mwanga, ndiyo maana zinapenda jua au flashi. Anayetaka picha ya ndani ya nyumba atafute lenzi yenye tundu kubwa. Sasa lenzi ya tundu kubwa ilikuwa pale kabatini, lakini ukiinunua hiyo hubakiwi na pesa ya kamera mpya ya kuifungia.

Nikasimama nikafikiria hadubini yetu ya zahanati, ile ninayotazamia damu za watu. Mwili wake ni mzee kunizidi mimi, rangi imechubuka, skrubu moja nimeifunga kwa plasta ya vidonda. Lakini lenzi zake ni safi, na mdudu wa malaria hata ajifiche vipi namwona. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nikitamani chuma, na kinachoona ni kioo. Nikamwambia Makokha airudishe ile ya boksi, anionyeshe mwili wa mtumba na ile lenzi ya tundu kubwa.

Hapo ndipo ungejivunia ada ya chuo uliyolipa. Aliponipa lenzi nikawasha tochi ya simu nikamulika ndani. Nikaona vijiuzi vyeupe, vyembamba, vimetandaa kama mizizi. Makokha akasema ni vumbi. Nikamwambia vumbi halina matawi, hiyo ni kuvu, ninaitazama kila wiki kazini, na kwa unyevu wa huku itaendelea kula kioo mpaka kiwe kama dirisha la bafu. Akaishika, akamulika mwenyewe, akaiweka kando. Kumbe lenzi ile ameipigia harusi ngapi, akilaumu mvua.

Nilidhani nimemuudhi. Badala yake akafungua droo ya chini kabisa akatoa nyingine, imefungwa kwenye soksi, kweli Mama, soksi ya mtoto. Nikaimulika, safi kama maji ya kisima. Tundu kubwa. Nikauliza mbona imefichwa. Akasema kila anayeinunua huirudisha, kwa kuwa haina mota ndani, na ukiifunga kwenye miili ya bei yetu haijitafutii shabaha. Lazima uizungushe kwa mkono mpaka sura itulie, na watu wa siku hizi hawana mkono huo.

Mama, nilicheka peke yangu. Mimi nalipwa mshahara kwa kuzungusha! Nikaifunga kwenye kamera, nikamwelekezea, nikazungusha kidogo kulia, nikarudi unywele mmoja kushoto, na nyusi za Makokha zikaja, unyusi mmoja mmoja. Akaiangalia ile picha, akaniangalia mimi, akasema, "Hii ilikuwa inakungojanga wewe." Bei ikashuka bila kuomba. Nikaondoka na mwili wa mtumba ambao mpira wake wa kushikia umelika, na lenzi yangu ndani ya soksi. Soksi nilikataa kuirudisha.

Sasa nisikufiche na aibu yangu. Jumapili niliwapiga watu wote wa huu uga, na karibu picha zote zikaharibika. Masikio yanaonekana, macho yamepotea. Nilichukua muda mrefu nikitafuta shabaha, na nikiipata, mtu ameshasogea. Nimezoea damu iliyopakwa kwenye kioo, Mama, mle hakuna anayegeuka kusalimia jirani. Nikafika mahali nikaanza kuwaambia watu wasipumue. Mzee mmoja akaniuliza kama hii ni picha au ni sindano.

Aliyeniokoa ni Mama Rukia, mwenye nyumba ninayopanga. Ni mtu wa Mumias, mjane, mkali wa maneno, lakini nikichelewa kazini hunifunikia chakula. Naye hapendi picha. Nilipomwomba nimpige jikoni akaniambia, "Mimi picha zinanitoanga kama mtu ameiba ingokho." Ingokho ni kuku, Mama, sasa fikiria nilivyoshtuka, nikamkumbuka Baba pale ukutani. Nikamweleza habari za Baba, na zako, na za jicho. Akasonga ugali wake. Kisha akauliza, "Na hiyo yako haina taa kweli?" Nikamwambia haina. Akasema, "Basi kaa hapo, mimi napika. Usiniambie nicheke."

Nikakaa kwenye kigoda. Sikumwambia asipumue. Nilizungusha mpaka kope zake zikakaa sawa, nikaacha mkono hapo hapo, nikasubiri, tukaendelea kuzungumza. Akanisimulia marehemu mumewe alivyokuja kuposa amevaa kiatu kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. Aliposema hivyo akageuka, na mwiko bado uko mkononi, na mwanga wa mlango ukampata upande mmoja wa uso. Nikabonyeza mara moja tu.

Nikamwonyesha. Aliiangalia mpaka nikaogopa ugali utaungua. Halafu akasema, "Huyu ndiye mimi. Yule wa kitambulisho simjui." Nikaenda nayo mjini kuisafisha, nikatoa mbili, moja yake na moja yako, na ni yeye mwenyewe aliyesema nikupelekee.

Haya, sasa fungua ile karatasi. Umemwona? Jiko lenyewe lina giza kuliko letu, sufuria ile ya nyuma haionekani hata kwa macho, na hapakuwa na flashi wala taa. Mtazame macho. Hakuna lililofumba, hakuna linalotoa machozi, ila ya kicheko.

Nimepewa likizo wiki ya Idi, na nakuja. Sitaki ujipambe, sitaki kanga mpya, na sitakuambia uangalie huku. Wewe utakuna nazi zako mlangoni kama kawaida, nami nitakaa chini na soksi yangu nikizungusha, na utanisimulia ya Baba, ile ya kofia.

Nisalimie Kaka Bakari, umwambie anasa aliyoniambia niachane nayo imeshanunuliwa. Nisalimie shangazi muuza mahamri, na yule jirani yetu anayekuletea maji, Mungu amlipe. Na mjomba seremala mpe salamu na kazi. Achonge fremu nyingine sawasawa na ile ya Baba.

Najua umeshtuka, najua utasema mbona nakutengenezea fremu ungali hai. Ndiyo maana hasa, Mama. Nataka picha utakayoishika wewe mwenyewe, uisogeze dirishani, uniambie nimekukuza pua. Baba hakupata nafasi ya kuilalamikia yake.

Mwanao akupendaye,
Zuhura