Msomi Asisumbuliwe

3 Machi

Kaka yangu,
Hujambo? Mama naye, na kile kifua chake? Mimi mzima, ila mitihani ya mwisho inaanza wiki ijayo na imenikaba koo. Simu ya mama haipatikani, yako hupokei. Mwambie anitumie neno, hata la kunigombeza.
Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,
Huku salama. Saluni ina wateja, mimi mwenyewe nywele zimekuwa kichaka. Si unajua kinyozi hajinyoi. Simu ya mama imeharibika. Kifua kinamsumbua kidogo tu. Anasema usije, soma. Wateja wake wa cherehani wamechoka kusikia habari zako, hata aliyeleta suruali ipunguzwe lazima aambiwe binti yake ni msomi.
Kaka yako

9 Aprili

Kaka,
Salamu nyingi. Nimemaliza! Swali la mwisho liliuliza mtu aliyeelimika ni nani. Wenzangu walimwaga majina ya wanafalsafa. Mimi niliandika ni yule anayeingia nyumbani akajua nani ana huzuni, hata kama wote wanacheka. Nilikuwa namfikiria mama. Msomee hayo, atacheka.
Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,
Keti kwanza. Mama alitutoka wiki ile ile ulipoanza mitihani. Nilipokuandikia tulikuwa tumeshamzika. Alituapisha: msomi asisumbuliwe. Simu zako sikupokea kwa sababu sauti ingenisaliti. Nilidhani nakutunza. Watu walijaa, alizikwa kwa heshima. Nisamehe.
Kaka yako

28 Aprili

Kaka,
Leo sijui nikusalimu vipi. Sikuchukii, ila nina hasira na wewe. Nina hasira na mama pia, naye siwezi kumwambia.

Nani alimwosha? Majirani, nadhani. Mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa nimeinama kwenye dawati naeleza elimu ni nini. Kila likizo mlininyang'anya ufagio mkanikalisha kiti cha wageni, nami nikakaa. Niliona ni heshima. Barua yako ya Machi niliisoma mara mbili, nikacheka habari za nywele zako, nikarudi kwenye vitabu.

Mwalimu amenipa alama zote kwa lile jibu. Aliniita ofisini akanipongeza, nikamshukuru.

Jumamosi nakuja. Unisubiri kituoni, kaka, maana kaburi la mama silijui liko wapi.
Mdogo wako