Amin ya Twaiba Hewani

Warda!! Wacha kukuna nazi usome haya. Twaiba wetu amemwombea dua tapeli. Hewani! Redio nzima ikisikia!

Si alitumwa mahakamani Kwale kutangaza kesi ya Swabir, yule wa programu ya simu iliyomeza akiba za watu toka Diani hadi Msambweni? Kesi ikaahirishwa. Swabir akatoka nje na suti yake, akainua mikono: "Yaa Rabbi, nitoe salama katika kesi hii, na hawa wazee wangu uwarudishie pesa zao."

Wazee waliomshtaki, WOTE: "Amin!"

Na Twaiba, maikrofoni mdomoni: "Amin!" Wallahi, kwa sauti. Imemtoka kabla hajajijua.

Bosi wake Nahashon, yule wa bara, akapiga simu papo hapo. "Unaombea mshtakiwa? Rudi hewani uondoe hiyo amin, ama kazi huna."

"Bosi, amin huondolewa vipi?"

"Sijui! Iondoe!"

Mzee Sefu wa Mkongani, mmoja wa waliotapeliwa, akamshika mkono. "Mwanangu, usithubutu. Pesa zetu zimo humo humo kwenye dua."

Shoga, mimi nilikuwa nimesimama kando, nasikia yote.

Twaiba akarudi hewani: "Wasikilizaji, niwieni radhi. Amin yangu ilikuwa ya pesa za wazee peke yake. Ile ya kutoka salama simo."

Nahashon karidhika, Twaiba kazi bado anayo. Anayelalamika ni Swabir, ati ametapeliwa!