Tairi la Ndani, Upande wa Kushoto

Kimbo, Ruiru
4 Februari 2024

Kwa Baba,

Hujambo? Mimi ni mzima, ila kifua kimejaa vumbi. Goti lako je? Najua umeshangaa kupata barua, lakini kwenye simu sisi hukatiana kabla hatujaulizana habari. Hii ataileta Muasya, fundi wa tairi hapa Kimbo. Kwao ni Makongeni na hurudi kila Jumamosi.

Bado naendesha lori la maji la Kisilu, hata kama hutaki. Kukipambazuka najaza tangi kisimani, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, halafu naondoka. Nikishika breki, lori husimama lakini maji huendelea kutembea. Yananisukuma mgongoni taratibu, kama mtu anayetaka kuniambia kitu akaona haya.

Nina swali. Wiki jana Kisilu alibadilisha tairi la nyuma kushoto, lile la ndani. Mengine yote yameandikwa 149/146 ubavuni. Hili ni 146/143, si jipya, na lina uvimbe mdogo kama yai. Anasema tairi ni tairi. Ni kweli?

Binti yako,
Warigia

Makongeni, Thika
11 Februari 2024

Warigia, maitu,

Goti linauma asubuhi, likipata jua linanyamaza. Na kwa vile umebeba jina la mama yangu, nami nakuita maitu kama nilivyomwita yeye, nashindwa kukukaripia kwenye karatasi.

Kisilu anakudanganya. Hizo namba ni za uzito. Ya kwanza ni ya tairi likifungwa peke yake. Ya pili ni ya tairi likifungwa na mwenzake, kama yako ya nyuma, na huwa ndogo kwa sababu mawili hayagawani mzigo sawasawa. Barabara ikiinama, moja linabeba zaidi. Mengine yako kila moja linaweza kilo elfu tatu. Hilo ni 2,725 tu, tena likiwa zima. Na maji ni mazito: lita elfu kumi ni tani kumi, bado hujahesabu lori lenyewe.

Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Ukiongeza upepo litapasuka, ukipunguza litapata moto. Likienda, mwenzake atabakia na mzigo wa wawili, naye atafuata. Usiniambie utaendesha pole pole. Litolewe.

Baba yako,
Muigai

Kimbo
18 Februari 2024

Baba,

Natumaini goti limetulia. Nilimpa Kisilu barua yako. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Mzee wako ana mwandiko safi," akasema. Kisha akaniambia kuna dereva mwingine anangojea ufunguo.

Huko mtaa wa Matangi ninakopeleka maji, watu wana siku kumi na mbili bila maji. Nikitokea kwenye kona, watoto wananipigia makofi. Nitaendesha tu.

Na wewe, si uliendesha miaka ishirini na sita? Mama alikuwa akisema ulirudi kutoka Mombasa na tairi limefungwa kwa kamba, mkacheka. Mbona ilikuwa mchezo kwako na kwangu ni hatari? Ni kwa sababu mimi ni msichana?

Warigia

Makongeni
3 Machi 2024

Maitu,

U mzima? Jumamosi iliyopita Muasya alipitia jibu, nikamwambia sina. Nilikuwa nalo.

Si kwa sababu wewe ni msichana. Unamkumbuka Dalmas, dereva mwenzangu, aliyefariki karibu na Sultan Hamud mwaka wa 2003. Nyumbani niliwaambia breki zilikatika. Polisi pia. Breki zilikuwa nzima. Ilikuwa tairi la mbele. Nililiona asubuhi tukinywa chai, ubavu umefura. Nikaligusa kwa kidole. Dalmas akauliza, "Litafika?" Nikamwambia, "Litafika."

Lilipopasuka mimi ndiye nilikuwa usukani, naye alikuwa amelala upande wake, mchana kweupe, mdomo wazi kidogo. Lori halikuanguka haraka. Lilielea. Nakumbuka nyasi zikija polepole, kila jani peke yake, na mimi nikiziangalia kama hazinihusu. Dalmas hakuamka.

Sijawahi kumwambia mtu. Nilikukataza lori ili nisilazimike kukueleza.

Baba yako

Kimbo
17 Machi 2024

Baba,

Nakusalimia sana. Niko salama. Naanza na hilo.

Muasya alinipa barua yako Jumatatu ya tarehe nne, tangi limejaa. Niliisoma nikiwa nimeegesha kwenye mteremko wa Matangi. Nikashuka, nikainama. Uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa ngumi, na ulikuwa moto. Singeweza kwenda mbele wala kurudi na tani kumi.

Nikafungua valvu ya tangi.

Baba, sijawahi kuona kitu kama kile. Maji yalishuka barabarani yakiwa na mbingu ndani. Akina mama wakatoka na mitungi, mabeseni, sufuria, hakuna aliyepiga kelele. Vipepeo weupe wakaja kutua kwenye tope. Kisilu akapiga simu: "Unamwaga maji yangu?" Nikasema, "Ndiyo. Yote."

Muasya alikuja na jeki, akatoa tairi na kulifungua. Kisilu alipofika, Muasya alibonyeza uvimbe kwa ndani, kidole gumba kikatokea nje. Kisilu naye akajaribu. Akajaribu tena. Hakusema pole. Alichukua ufunguo, nikakaa nyumbani siku kumi. Juzi amepiga: "Njoo uchague tairi mwenyewe."

Kuhusu Dalmas nakwambia wazi. Nina hasira, na nakuhurumia, yote kwa pamoja. Lakini mkewe, Mama Kaleli, bado anaamini ni breki?

Binti yako,
Warigia

Makongeni
24 Machi 2024

Warigia, maitu,

Nashukuru kusikia uko salama. Mimi pia niko, nadhani.

Jana, baada ya kusoma barua yako, nilitembea hadi Kamenu kwa Mama Kaleli. Miaka hii yote tumesalimiana kanisani. Nilimkuta akichambua maharagwe, nikamweleza nikiwa nimesimama. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Ulilishika kwa mkono wako?" Nikasema ndiyo.

Hakunikaribisha chai, wala hakunifukuza. Alimaliza maharagwe, akayaweka kando. Akasema, "Pasaka watoto watakuwa hapa. Rudi uwaambie wao pia, kwa mdomo wako."

Nitaenda. Sijui watanifanya nini. Kama Kisilu atakupa ruhusa, njoo twende pamoja. Hutahitaji kusema chochote. Nitasema mimi.

Baba yako,
Muigai